Tawi la Tumbawe na Maji Yanayolilea

Wasikilizaji wapenzi wa Nachingwea na Ruangwa, jioni hii nataka tuzungumze habari za bahari. Najua kwamba kutoka Naipingo, hapa Nachingwea, hadi ufukwe wa Lindi ni zaidi ya kilomita mia moja, na wapo wengi kati yetu ambao bahari wameiona mara chache, au hawajaiona kabisa. Hata hivyo, samaki mkavu tunayemnunua sokoni ametoka huko, na mvua inayonyesha mashambani mwetu mwisho wake ni huko. Kwa hiyo bahari si jambo la watu wa pwani peke yao.

Nitazungumzia matumbawe, na hasa matumbawe magumu yenye matawi. Nitaeleza namna binadamu alivyojifunza kuyazidisha kwa mkono wake, kwanza ndani ya matangi ya kioo majumbani, halafu baharini kwenyewe. Na kuna jambo moja ninaloomba mlishike tangu sasa: tawi la tumbawe hukubali kupandikizwa, lakini kinacholikuza ni maji. Anayetaka kuyarudisha matumbawe aanze na maji.

Kwanza tufahamu tumbawe ni kitu gani. Ukilishika ni gumu kama jiwe, na lina matawi kama mti, lakini ni mnyama. Tena si mnyama mmoja, ni maelfu ya wanyama wadogo wanaoitwa polipu, walioungana ngozi kwa ngozi. Kila polipu ana mdomo mmoja uliozungukwa na mikono midogo ya kunasia chakula. Chini yake anajijengea kikombe cha chokaa, na vikombe hivyo vikiongezeka mwaka baada ya mwaka ndipo tunapata tawi, kisha kichaka, kisha mwamba mzima ambamo changu, chewa, pono na tasi hujificha, hula na kuzaliana.

Ndani ya mwili wa polipu wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Mwani hao hupokea mwanga wa jua na kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wao. Ndiyo maana matumbawe haya hupenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu, mahali ambapo jua linafika. Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye matumbawe mengi inatokana na mwani hao. Bahari ikipata joto kupita kiasi, hata nyuzi moja tu juu ya joto lililozoeleka la kiangazi, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, polipu huwatoa mwani wake. Kinachobaki ni ngozi isiyo na rangi juu ya mfupa mweupe. Wataalamu wanasema tumbawe limepauka. Halijafa bado, ila limepoteza chakula chake, na joto lisipopungua litakufa.

Sasa, yapo matumbawe ya mviringo, makubwa, ambayo huongezeka takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Na yapo ya matawi, kama yale ya jamii ya Acropora, ambayo katika maji mazuri tawi lake huweza kurefuka sentimita kumi au zaidi kwa mwaka. Haya ya matawi yana tabia moja muhimu sana kwa mazungumzo yetu. Dhoruba ikiyavunja, kipande kilichoanguka mahali pazuri hakifi. Hujishika kwenye mwamba, hutoa matawi mapya, na baada ya muda huwa tumbawe kamili lenye asili ileile ya mama yake.

Mkulima wa Naipingo hahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili, kwa sababu ndivyo anavyopanda mihogo. Hatafuti mbegu ya kuota. Anachagua shina lililokomaa na lenye afya, anakata pingili, anazichomeka ardhini, na pingili zinakuwa mihogo yenye sifa za shina mama. Anajua pia hatari yake: shina likiwa na batobato au michirizi ya kahawia, atakuwa ameupanda ugonjwa pamoja na pingili, na shamba zima litaumwa. Kwa matumbawe ni hivyohivyo, faida na hatari. Yeyote aliyewahi kukataa kupanda pingili za jirani kwa sababu majani yake yalikuwa na madoa, ameshaelewa nusu ya kazi ninayotaka kuieleza.

Nusu ya pili ni maji, na waliotufundisha habari za maji ni watu wa kawaida waliofuga matumbawe sebuleni kwao. Mmoja wa mwanzo kujulikana alikuwa Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta nchini Indonesia, ambaye mwaka 1961 aliueleza ulimwengu namna alivyofuga matumbawe hai nyumbani kwa kutumia maji ya bahari yenyewe, mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake, na mapovu ya hewa. Baadaye, mjini Berlin huko Ujerumani, mbali kabisa na bahari ya joto, Dietrich Stüber alifanikiwa kukuza Acropora ndani ya tangi, akawa anakata matawi na kuwagawia wafugaji wenzake. Vipande vya tumbawe hilo moja vilisambaa kutoka nyumba hadi nyumba na kutoka nchi hadi nchi. Kwa njia hiyo watu wakatambua kwamba tumbawe la matawi linaweza kuongezwa bila kwenda kuvunja mwamba mwingine baharini.

Kazi yenyewe ya kukata inafanyika hivi. Mfugaji anachagua tumbawe lenye afya, ambalo ncha za matawi yake ni nyeupe au zimefifia rangi. Ncha namna hiyo ni dalili kwamba mnyama anaendelea kujenga. Anachukua plaizi ya kukatia, ambayo ni safi na kali, na anakata tawi la urefu wa sentimita tatu hadi tano kwa mkato mmoja. Hakandamizi ngozi kwa vidole, kwa sababu ngozi ya polipu ni nyembamba mno na ikichubuka huoza. Tumbawe lililojeruhiwa hutoa ute mwingi, kwa hiyo kipande husuuzwa kwenye chombo cha pembeni chenye maji ya tangi lilelile. Kisha hutumbukizwa kwa dakika chache kwenye maji ya bahari yenye dawa ya kuua wadudu, mara nyingi ya iodini, halafu husuuzwa tena.

Hapo mfugaji hukikagua. Kuna minyoo bapa wanaokula Acropora, wana rangi inayofanana kabisa na ngozi ya tumbawe, na hutaga mayai kwenye sehemu ya mfupa iliyo wazi. Dawa humdondosha mnyoo, lakini yai halidhuriki. Kwa hiyo sehemu tupu ya chini hukwanguliwa au hukatwa na kutupwa. Mfugaji makini hukiweka kipande kipya katika tangi la peke yake kwa wiki kadhaa kabla ya kukichanganya na vingine.

Baada ya hapo mkato wa chini hukaushwa kidogo kwa kitambaa, hupakwa gundi nzito ya supaglu, na kipande hubandikwa juu ya kigingi kidogo cha kauri au kijiwe. Gundi hiyo hukauka hata ndani ya maji. Kigingi huwekwa mahali penye mwanga wa wastani kwanza, si mkali, na penye mkondo wa maji unaobadilika mwelekeo ili ute na takataka visitulie juu ya ngozi. Vipande havisongamanishwi, kwa kuwa matumbawe ya aina tofauti yakikaribiana huchomana kwa mikono yao yenye sumu. Ndani ya wiki chache, mambo yakienda sawa, ngozi huanza kuteremka kutoka kwenye tawi, inaifunika gundi, halafu inatambaa juu ya kigingi. Ukiona hivyo ujue kipande kimeshika.

Ndugu msikilizaji, umeona kwamba kukata na kubandika ni kazi ya dakika chache. Iliyobaki, ya miezi na miaka, ni kazi ya maji. Joto liwe kama nyuzi 25 au 26, na lisipande na kushuka ovyo. Chumvi iwe kama gramu 35 katika kila kilo ya maji. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, kama ilivyo baharini. Pampu zisisimame. Mbolea za nitrati na fosfati, zinazotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, zibaki kidogo sana, la sivyo mwani wa kijani utaota na kuwafunika polipu. Umeme ukikatika usiku kucha, tangi la miaka mitano laweza kufa kabla ya asubuhi. Wafugaji waliobobea hupima maji yao kila wiki, wengine kila siku, na huandika namba daftarini.

Na hapa kuna jambo linalonigusa sana. Matumbawe yakikua tangini hula kalsiamu iliyomo majini, kwa kuwa ndiyo yanayojengea mifupa yao. Kalsiamu ikipungua ukuaji husimama. Njia mojawapo ya zamani na ya bei nafuu ya kuirudisha ni maji ya chokaa. Mfugaji huchukua chokaa safi iliyozimwa, isiyo na uchafu, kiasi kisichozidi gramu mbili kwa lita ya maji matamu, huikoroga, huiacha itulie, kisha yale maji maangavu ya juu huyadondosha tangini tone kwa tone, mara nyingi usiku. Haraka haifai, kwa sababu maji hayo ni makali na yakimiminwa kwa wingi yataua. Polipu huipokea chokaa ile na kuigeuza kuwa tawi.

Sasa tazama kilichokuwa kikifanyika kwenye pwani yetu. Tangu zamani watu wa mwambao wamejenga kwa matumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao dunia nzima inauheshimu, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Ujenzi ule ulikuwa wa watu wachache kwa wakati wao. Lakini idadi ya watu ilivyoongezeka, kuchoma chokaa kukawa biashara. Katika sehemu za Lindi, Mtwara na Mafia matumbawe yalitolewa baharini, mengine yakiwa hai, yakapangwa juu ya magogo kwenye tanuu na kuchomwa mpaka yakawa unga. Kilichojengwa kwa mamia ya miaka kikawa mifuko ya chokaa, na magogo yaliyochoma yakatoka kwenye mikoko na misitu. Mfugaji wa tangi anatia chokaa majini kwa kitone ili apate tawi moja. Mchoma chokaa anachoma matawi elfu ili apate chokaa. Sisemi haya kuwalaumu wachoma chokaa, ambao wengi wao walikuwa maskini wakitafuta riziki. Nasema ili tujue kwamba bei ya gunia haikuwahi kuhesabu kazi ya yule mnyama.

Kutoka tangini twende baharini. Maarifa ya kupandikiza hayakukaa sebuleni. Katika miaka ya 1990, huko Mafia, mtafiti Ulf Lindahl kutoka Sweden alijaribu njia isiyohitaji mitambo: alichukua matumbawe ya matawi, akayafunga kwenye kamba ili yasibiringishwe na mawimbi, akayalaza chini palipoharibika. Katika mwamba wa Tutia, ndani ya eneo ambalo mwaka 1995 lilikuwa limefanywa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, palikuwa na viwanja vya matumbawe yaliyopandikizwa, na samaki walikuwa wakihesabiwa kwenye viwanja hivyo. Kisha ukaja mwaka 1998 na joto la El Niño. Bahari ya Hindi magharibi ikapata joto ambalo wavuvi wazee hawakuwahi kuliona. Kwenye viwanja vile vya Tutia karibu asilimia 90 ya matumbawe yalikufa. Kwa muda samaki waliendelea kukaa humo, kwa kuwa mifupa ilikuwa bado imesimama na kuwapa maficho. Lakini mfupa usio na mnyama hauna wa kuujenga upya, na mawimbi huuvunja kidogo kidogo.

Watu hawakukata tamaa. Mwaka 2010, mtaalamu wa Kitanzania Nsajigwa Mbije, pamoja na Ehud Spanier na Baruch Rinkevich, walichapisha matokeo ya vitalu vya matumbawe walivyoviweka Unguja na Mafia. Vitalu hivyo viliinuliwa, vikaelea katikati ya maji, mbali na tope na mbali na konokono wanaotambaa sakafuni. Humo vipande vidogo vya matawi vilikuzwa mpaka vikawa na ukubwa wa kupelekwa kwenye mwamba. Mwaka huohuo wa 2010 shirika la Nature Seychelles lilianza kazi kubwa zaidi karibu na kisiwa cha Cousin huko Shelisheli: vipande vipatavyo 40,000 vilikuzwa kwenye kamba, na zaidi ya 24,000 kati ya hivyo vikapandikizwa katika eneo la takriban nusu hekta. Leo kazi za namna hii zinafanyika karibu na kisiwa cha Mnemba kule Unguja, na kwa majirani zetu wa Kenya huko Wasini na Mkwiro, ambako wanakijiji wenyewe wamejifunza kupiga mbizi, kukata, kufunga na kusafisha.

Nusu hekta, wasikilizaji. Mkulima wa Naipingo anaijua nusu hekta, ni shamba dogo la familia. Kuipanda matumbawe kulichukua wazamiaji na miaka ya kazi chini ya maji. Na mwaka 2016 joto likarudi Shelisheli na matumbawe yakapauka tena. Mwaka 2024 dunia ikatangaziwa upaukaji mwingine mkubwa, na pwani ya Afrika Mashariki haikusalimika. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilisema mwaka 2018 kwamba joto la dunia likiongezeka nyuzi 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya dunia yatapotea, na likiongezeka nyuzi mbili yatakwisha karibu yote.

Je, maana yake kupandikiza ni bure? Hapana. Kitalu huhifadhi asili ya matumbawe yaliyostahimili joto, na matawi ya hayo ndiyo yanayofaa kuzidishwa. Kitalu huwafundisha vijana wa pwani kuijua bahari yao. Mahali palipovunjwavunjwa, kipande kilichofungwa imara chaweza kuanzisha tena kile ambacho kingengoja miongo. Lakini hakiwezi kusimama mahali pa maji mabaya. Sisi wa Nachingwea tuna somo letu wenyewe kuhusu kupanda kwa haraka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Walileta matrekta, wakang'oa msitu, wakajenga reli kutoka Mtwara. Hawakuwa wameusoma udongo wala mvua. Mwezi Januari 1951 mradi ukafutwa, baada ya paundi milioni 36 kuteketea. Mazao hayaheshimu fedha zisizojali ardhi, na tumbawe halitaheshimu mradi usiojali maji.

Basi tuyaangalie maji hayo, na tuone sehemu yetu iko wapi.

La kwanza ni udongo. Mto Lukuledi unakusanya maji ya upande wetu na wa Masasi na kuyamwaga kwenye ghuba ya Lindi. Mto Mbwemkuru unapita upande wa Ruangwa kuelekea bahari hiyohiyo. Mvua kubwa ikinyesha juu ya shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa kijito, maji yale mekundu tunayoyaona yakishuka yamebeba udongo wetu wa juu, yaani rutuba yetu. Yakifika baharini yanazuia jua lisiwafikie mwani waliomo ndani ya polipu, na tope likitua juu ya ngozi mnyama hutumia nguvu zake kutoa ute wa kujisafisha badala ya kujenga. Hasara moja inapigwa mara mbili: mahindi hapa, samaki kule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tuiheshimu. Tuache majani na miti ya asili kingoni, tulime kwa kukinga mteremko, tusichome ovyo mabonde.

La pili ni baruti. Pwani ya kusini imeteseka mno kwa uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua kila kilicho karibu, wakubwa kwa wadogo, samaki wengi huzama bila kuokotwa, na matumbawe ya matawi husagwa kuwa kokoto. Kokoto hizo zinaviringishwa na kila wimbi, kwa hiyo hata kipande hai kikidondoka humo hakipati mahali pa kushika. Katika miaka ya 1990 vijiji vya Kilwa, Lindi na Mtwara viliungana katika chombo chao walichokiita SHIRIKISHO kupambana na uovu huo, na kwa muda walifanikiwa. Lakini mwaka 2015 watafiti waliozunguka pwani nzima ya Tanzania wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji walithibitisha milipuko 318. Baadaye serikali ilikaza mkono na milipuko ikapungua sana. Isirudi.

Sehemu zetu katika jambo hili ni mbili. Vifaa vya kulipulia miamba hutumika migodini, kwenye machimbo ya kokoto na kwenye ujenzi wa barabara, na kazi kama hizo ziko bara pia. Anayevitoa kwa mlango wa nyuma anavipeleka baharini. Anayeona jambo hilo na kunyamaza anashiriki. Na mnunuzi naye ana macho yake. Samaki mbichi aliyeuawa kwa baruti mara nyingi uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani, matumbo yamepasuka na nyama imelegea. Mama anayepasua samaki jikoni aweza kuyaona haya yote. Akiyaona, asirudi kwa muuzaji huyo, na amwambie kwa nini. Tukumbuke kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi huo.

La tatu ni chokaa. Unaponunua gunia la chokaa ya kupaka ukuta, uliza imetoka wapi. Ipo inayotokana na mawe ya chokaa ya nchi kavu, ambayo haimgusi mnyama aliye hai. Ukisikia imechomwa pwani kwa matumbawe, iache.

La nne nawaambia vijana. Simu zenu zinawaonyesha matangi mazuri ya ng'ambo, yenye matumbawe ya zambarau na bluu chini ya taa, na baadhi yenu mnatamani. Tamaa ya kujua ni njema. Lakini msiende Lindi au Mikindani kuvunja tawi ili mje nalo nyumbani. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyatoa kwenye mwamba bila kibali ni kosa. Tena, katika ndoo litakufa kabla hujafika Mtama. Anayetaka kuyajua aende kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kule Mtwara, iliyoanzishwa mwaka 2000, au asome sayansi ya bahari chuoni, arudi akiwa mtaalamu. Kizazi kilichozaliwa Naipingo kinaweza kabisa kutoa mtu atakayesimamia vitalu vya matumbawe vya Lindi. Kujua namna pingili inavyokubali au kukataa udongo ni mwanzo mzuri kuliko mnavyodhani.

Ndugu zangu, joto la bahari hatuwezi kulishusha sisi wa Nachingwea na Ruangwa peke yetu. Linatokana na moshi wa dunia nzima, na wenye viwanda vikubwa wana deni kubwa zaidi. Lakini mwaka wa joto ukishapita, mwamba unaopona ni ule ambao maji yake ni maangavu, ambao samaki wanaokula ule mwani wa kijani unaowafunika polipu bado wapo, na ambao haujasagwa kwa baruti. Hayo matatu yamo mikononi mwa binadamu wa hapahapa, wa pwani na wa bara. Mfugaji wa Berlin analazimika kununua pampu, taa na vipimo ili atengeneze maji ambayo Mungu ametupa sisi bure kuanzia Kilwa hadi Msimbati. Tusiyaharibu yale ambayo wengine wanayagharamia kwa tone.

Siku vijana wa Lindi watakapoanza kufunga matawi kwenye kamba, wataleta ujuzi wao na nguvu zao. Maji watayapokea kutoka kwetu, kupitia Lukuledi na Mbwemkuru. Msimu huu wa kuandaa mashamba, kila mwenye shamba lililoshika mto arudishe nyuma jembe lake mita hizo 60. Tuanzie hapo.